Saini za Wananchi: Namna ya Kuandaa Ombi la Pamoja

Masika yanapokolea na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo ikafurika kuelekea Ziwa Nyasa, hoja ya makalavati na barabara hurudi midomoni mwa watu, na si ajabu karatasi ya saini ikaanza kuzunguka kijijini. Ni haki ya wananchi. Ibara ya 18 ya Katiba inatoa uhuru wa kutoa maoni, na historia ya nchi yetu ina mfano mkubwa: mwaka 1952 Kirilo Japhet alifikisha New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, ombi la Wameru waliohamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule, lakini malalamiko yao yalisikika duniani.

Kabla ya kuandika, ni vyema kujua mlango wa kugonga. Barabara za vijijini husimamiwa na TARURA tangu mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Maji vijijini ni ya RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Ombi lenyewe liandikwe kwa sentensi chache: tatizo, mahali, jambo linaloombwa. Maneno hayo yarudiwe juu ya kila karatasi ya saini. Karatasi tupu yenye majina tu, au orodha ya mahudhurio ya mkutano mwingine iliyobandikwa nyuma ya barua, haithibitishi kwamba mtu aliridhia ombi hilo, na jina moja la kughushi hutia shaka mia yaliyo halali.

Kila mtu aandike jina, kitongoji na tarehe, kisha atie saini yake mwenyewe. Mume hamsainii mkewe. Asiyejua kusoma asomewe ombi lote, kwa Kinyakyusa ikibidi, ndipo aweke dole gumba. Wavuvi wafuatwe mwaloni, maana mchana wengi hawako nyumbani. Namba za kitambulisho cha taifa hazihitajiki. Hizo ni taarifa binafsi zinazolindwa na sheria ya mwaka 2022, na karatasi hupita mikono mingi.

Ombi lipelekwe kwanza kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, wenye kujumuisha wakazi wote waliotimiza miaka 18 na unaopaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Likiridhiwa na kuingizwa katika muhtasari, hupelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni Diwani.

Wakati nao una uzito. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ombi linaloandikwa Aprili, maji yakiwa bado mashambani, hukuta mipango ya mwaka unaofuata imekwisha kuandaliwa. Daraja lililosombwa ni jambo jingine: Mtendaji wa Kijiji aarifiwe siku hiyohiyo, bila kungoja saini.

Ombi likikabidhiwa, waombaji wabaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe.