Injini Kubwa, Injini Ndogo na Mtoza Ushuru

Mwaka 1980 kiwanda cha Ferrari kule Maranello, Italia, kilitoa gari ambalo wapenzi wa chapa hiyo hulitaja kwa sauti ya chini hadi leo. Kwa sura halikuwa na kasoro: limelala chini, taa za mbele zinajificha, injini ya silinda nane imekaa nyuma ya kiti cha dereva. Ila injini yenyewe ilikuwa ya cc 1991 tu, na nguvu zake ni za farasi 155. Liliitwa 208 GTB. Ndugu yake, 308, mwenye umbo lile lile, alibeba karibu lita tatu.

Silinda nane kugawana lita mbili maana yake kila silinda inaambulia robo lita, ujazo usiofika hata chupa ya soda. Hilo halikuwa wazo la mhandisi. Lilikuwa wazo la mtoza ushuru. Sheria ya Italia ya wakati ule ilitoza asilimia 38 ya kodi ya ongezeko la thamani kwa kila gari lililozidi lita mbili. Chini ya hapo, kodi ilikuwa nusu yake hivi. Basi Ferrari, ambao magari yao huuzwa kwa ndoto, wakakata injini yao ikae ndani ya mstari uliochorwa na wizara.

Nimeanza na gari hilo kwa sababu ya ugomvi mmoja wa muda mrefu, ambao hata vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaujua kupitia video za simuni: kati ya gari la michezo la Kimarekani na la Kiulaya, lipi ni gari? Upande mmoja wapo mashabiki wa Corvette, Mustang na Viper. Msimamo wao ni kwamba hakuna kitu kinachoweza kushika nafasi ya ukubwa wa injini. Upande wa pili wapo wa Ferrari, Porsche na Lamborghini. Hawa hugawanya nguvu za farasi kwa lita, kisha hucheka: Mmarekani ametumia lita saba kufanya kazi ambayo Mwitaliano anaifanya kwa nne na nusu. Wa kwanza hujibu kwamba gari la Ulaya likiharibika unauza shamba. Wa pili hujibu kwamba la Marekani halijui kona. Kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Nimeufuatilia ugomvi huu miaka mingi, mimi ninayeendesha Toyota ya cc 1490, na nimefikia mahali pa kuamini kwamba sehemu kubwa ya kile pande hizi mbili zinachokiita akili ya uhandisi ni alama za kodi, bei ya petroli na umbo la barabara.

Uingereza ndiyo inayoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Mwaka 1910 klabu ya magari ya nchi hiyo, RAC, ilipitisha kanuni ya kukadiria nguvu ya injini. Unapima kipenyo cha silinda kwa inchi, unakizidisha chenyewe kwa chenyewe, unazidisha kwa idadi ya silinda, halafu unagawanya kwa 2.5. Kuanzia mwaka 1921 kila kizio cha jibu hilo kilimgharimu mwenye gari pauni moja ya kodi ya barabara kwa mwaka. Kanuni hiyo inapima upana wa silinda, lakini haipimi pistoni inasafiri umbali gani juu na chini. Mchoraji wa injini hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Silinda za Waingereza zikawa nyembamba na ndefu kama chupa za siki.

Ford Model T kutoka Marekani ilikuwa na silinda nne zenye kipenyo cha inchi 3.75. Piga hesabu, utapata 22.5. Injini hiyo, ya lita 2.9, ilitoa kwa kweli farasi 20 tu, ila mbele ya kodi ya Uingereza ilikuwa dude la kutisha, maana ilichorwa kwenye nchi ambayo mafuta yalikuwa rahisi na hakuna aliyejali upana wa silinda. Kanuni ya RAC ilistaafishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini kufikia hapo vizazi viwili vya wahandisi wa Uingereza vilikuwa vimelelewa na imani moja: ujazo ni kitu cha kubana. Msomaji wa Tanzania aliyewahi kuagiza gari kutoka Japani hatashangaa. Injini ikivuka cc 2000 ushuru wa bidhaa hupanda, na ndiyo maana magari mengi mitaani yamekwama kidogo tu chini ya namba hiyo.

Marekani hakukuwa na fimbo hiyo. Kulikuwa na visima vya Texas, miji iliyo mbali mbali na barabara zilizonyooka mpaka upeo wa macho. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana wa California walishindana kwenye maziwa yaliyokauka na viwanja vya ndege vilivyoachwa, na mwaka 1951 mashindano hayo yakapata chama chake, NHRA. Umbali uliozoeleka ni robo maili, mita 402 hivi, bila kona hata moja. Anayeshinda ni anayesukuma zaidi kutoka alipokuwa amesimama, na njia rahisi ya kusukuma zaidi ni kuongeza lita. Sasa mchukue kijana huyo umpeleke njia ya Stelvio kwenye milima ya Alps, ambako upande wa kaskazini peke yake una kona 48 kali za kurudi nyuma. Robo maili ataitafuta asiipate.

Tuingie ndani ya injini.

Injini hutoa msukumo wa kuzungusha, ambao mafundi huuita torki. Nguvu ni torki hiyo ikizidishwa kwa kasi ya mizunguko. Fikiria watu wawili wanapanda mlima kwa baiskeli, mmoja anakanyaga kwa uzito na polepole, mwingine ameweka gia nyepesi na miguu yake inazunguka kama cherehani. Wakifika kileleni pamoja, na uzito wao ni sawa, wametumia nguvu sawa. Injini kubwa ya Kimarekani ni yule wa kwanza. Ya Kiulaya ni yule wa pili, na sanduku la gia ndilo linalowakutanisha barabarani.

Chukua Corvette Z06 ya mwaka 2006, lita 7.0, farasi 505, mwisho wa mizunguko 7000 kwa dakika. Iweke pembeni ya Ferrari 458 Italia iliyotoka mwaka 2009, lita 4.5, farasi 570, mizunguko 9000. Mashabiki husikia 9000 wakadhani Ferrari imevunja mpaka ambao Corvette inauogopa. Lakini pistoni haijui mizunguko. Pistoni inajua mwendo wake ndani ya silinda. Ya Corvette husafiri milimita 101.6 kutoka chini hadi juu. Ya Ferrari, milimita 81. Zidisha kwa mbili, kisha kwa mizunguko ya kila sekunde: ya Corvette inakwenda wastani wa mita 23.7 kwa sekunde, ya Ferrari mita 24.3.

Tofauti hiyo haifiki hata asilimia tatu. Injini mbili zilizozaliwa kwenye mabara mawili, moja ikinguruma na nyingine ikipiga mayowe, zimegonga ukuta ule ule. Ukuta wenyewe ni chuma. Pistoni ikifika juu husimama, halafu hugeuka, na katika Ferrari hiyo kwenye mizunguko 9000 mgeuko huo ni mkali zaidi ya mara 4000 ya mvutano wa dunia: kila gramu moja ya pistoni huvuta kama uzito wa kilo nne. Vijiti vinavyoishika ndivyo vinavyoamua mwisho wa mizunguko, wala si utaifa wa aliyeichora.

Jambo la pili ni valvu, vile vifuniko vinavyoingiza hewa kwenye silinda na kutoa moshi. Corvette ile ina kamshafti, yaani mhimili wa kufungulia valvu, moja tu iliyolala katikati ya injini, inayosukuma fimbo ndefu ambazo nazo husukuma valvu kwa juu. Ni mpangilio wa kale. Chevrolet, watengenezaji wa Corvette, waliutumia kwenye injini yao maarufu ya silinda nane ya mwaka 1955. Ferrari ina kamshafti nne zilizokaa juu kabisa, karibu na valvu, na kila silinda ina valvu nne badala ya mbili. Kadiri vitu vinavyokwenda na kurudi pamoja na kila valvu, kama fimbo zile, vinavyokuwa vizito, ndivyo springi ya valvu inavyoshindwa kuvirudisha kwa wakati. Mizunguko ikiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika huwa mara nne. Hapo Ulaya inashinda kwa haki. Inapumua vizuri zaidi, inazunguka zaidi, inatoa zaidi kwa kila lita.

Lakini lita ni kipimo cha uwazi uliomo ndani ya injini, na gari halibebi uwazi. Linabeba chuma kilichouzunguka. Kamshafti nne na vichwa vyake huifanya injini kuwa pana na ndefu kwa kimo, na uzito huo unakaa juu, mahali pabaya kabisa. Injini ya fimbo ni fupi na inalala chini. Ndiyo maana Corvette ile ya lita saba ilikuwa na kilo 1420 hivi, jirani kabisa na Ferrari, na iliuzwa kwa bei isiyofika nusu yake. Na haikuwa na teknolojia ya babu: vijiti vya pistoni na valvu zake za kuingizia hewa vilikuwa vya titani. Farasi kwa lita ni hesabu inayomhusu afisa wa kodi. Kinacholihusu gari ni farasi kwa kilo.

Tukiwa kwenye farasi, tahadhari kidogo. Farasi wa Ulaya ni wati 735.5, wa Marekani ni wati 745.7, kwa hiyo 570 za Ferrari ni 562 za Marekani. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kabla ya mwaka 1972 viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ya injini ikiwa uchi mezani, bila mfumo kamili wa ekzosi wala mizigo mingine inayoipunguzia pumzi. Corvette yenye injini ya LT-1 iliandikwa farasi 330 mwaka 1971, na 255 mwaka uliofuata, injini ikiwa karibu ile ile. Anayelinganisha namba za miaka ya 1960 na za leo anapima kitambaa kwa mikono miwili tofauti.

Sasa kona, ambako tuhuma dhidi ya Marekani ilikuwa na ukweli. Mtu aliyebeba mzega, ndoo moja kila ncha ya mti, akitaka kugeuka ghafla hupata shida: mti unakawia kuanza kuzunguka, na ukishaanza unakawia kusimama. Ndoo zile zile akizikumbatia kifuani, anageuka papo hapo. Uzito ni ule ule, kilichobadilika ni umbali wake kutoka katikati. Injini iliyokaa mbele kabisa ni ndoo kwenye ncha. Injini iliyokaa nyuma ya dereva, kabla ya ekseli ya nyuma, imekumbatiwa kifuani. Porsche 911 imeining'iniza nyuma ya ekseli, kosa la darasani kabisa, na Wajerumani wametumia zaidi ya miaka sitini kulirekebisha kosa hilo badala ya kuliacha. Sijui niite ukaidi au mapenzi.

Kuna Mmarekani mmoja aliyeielewa hesabu ya mzega mapema. Zora Arkus-Duntov alizaliwa Brussels mwaka 1909, wazazi wake Warusi, akajiunga na General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, mwaka 1953 baada ya kuiona Corvette ya kwanza kwenye maonyesho ya New York. Akiwa bado mwajiriwa huko aliendesha Porsche kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, mwaka 1954 na 1955. Mwaka 1960 alitoa gari la majaribio lenye injini nyuma ya dereva, na kwa miaka yote iliyobaki alishawishi Corvette ijengwe hivyo. Wakubwa walikataa, kwa sababu ya gharama. Alifariki mwaka 1996. Corvette yenye injini nyuma ya dereva ilizinduliwa mwaka 2019.

Baada ya hapo mipaka imechanganyika kiasi kwamba ugomvi wa zamani umebaki na majina tu. Corvette Z06 mpya ina lita 5.5, kamshafti nne, na inapanda hadi mizunguko 8600, na wahandisi wake hawakuficha kwamba waliichunguza Ferrari 458 kwa karibu. Ulaya nako, Mercedes-AMG walikuwa wameshatengeneza injini ya lita 6.2 isiyo na turbo, yaani pampu ya kushindilia hewa ndani ya silinda. Kusema kweli mchanganyiko ulianza zamani. Ford GT40 zilizowashinda Ferrari kule Le Mans mwaka 1966, ushindi unaotajwa na kila shabiki wa Marekani, zilianza maisha Slough, Uingereza, na walioendesha iliyoshika nafasi ya kwanza, Bruce McLaren na Chris Amon, ni watu wa New Zealand.

Leo hukumu hutafutwa Nürburgring, Ujerumani, kwenye njia ya kilomita 20.832 iliyojaa kona na miinuko. Mwaka 2022 Porsche 911 GT3 RS ilipita humo kwa dakika 6 na sekunde 49.328. Injini yake ni ya lita nne, farasi 525, haina turbo, na mabawa yake huikandamiza barabarani kwa uzito wa kilo 860 ikiwa kwenye kilomita 285 kwa saa. Aliyeishika usukani ni dereva wa mashindano, Jörg Bergmeister. Mwaka 2025 Wamarekani walifika na Corvette ZR1X, yenye turbo mbili, mota ya umeme mbele na jumla ya farasi 1250, ikiendeshwa na mhandisi wao Drew Cattell. Ilitumia dakika 6 na sekunde 49.275. Kwa mwendo wa wastani wa magari hayo, pengo hilo ni mita 2.7, pungufu ya urefu wa gari lolote kati ya hayo mawili.