Simu ya Upepo na Mikarafuu Yetu

Wanachama wengi wametuuliza: je, yawezekana kiwanda cha mafuta ya makonyo kilichoko bondeni, mbali na barabara, kikapata mtandao bila ya kuvutiwa waya? Twajibu kwamba yawezekana, ila kabla ya kutoa fedha yafaa tuelewe jambo moja.

Adui wa mtandao huu si umbali. Mwaka 2007, huko Venezuela, mhandisi Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha milima miwili iliyo mbali kilomita 382, kwa vyombo vya bei nafuu. Waliweza kwa kuwa baina ya kilele na kilele hapakuwa na kizuizi.

Adui wetu ni majani. Jani lina maji, na maji hudhoofisha mawimbi. Sisi wenyewe tulikosea. Tulisimamisha mlingoti wakati wa kiangazi, tukauona mlingoti wa pili juu ya mikarafuu, tukafurahi. Masika ilipoingia majani yakarowa, mawasiliano yakakatika, na mafuta yakangoja gatini siku nane mnunuzi asijue.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kuonana kwatosha. Mawimbi hayaendi kama uzi. Hutanuka katikati mfano wa mtumbwi, kisha hukutana tena. Kwa masafa ya gigahezi 2.4 na umbali wa kilomita 5, mtumbwi huo hutanuka katikati kiasi cha mita 12 kila upande. Basi hapo katikati mstari wa kuonana hauna budi kupita juu ya vilele vya miti kwa mita saba au nane, wala usisahau kwamba miti hukua.

Pemba ni nchi ya vilima na mabonde. Penye bonde, wekeni kituo cha kati juu ya kilima, chenye betri na umeme wa jua. Mlingoti utiwe waya wa kupeleka radi ardhini, na viungo vyake vifungwe barabara, maana chumvi ya bahari hula chuma.

Wako waliotushauri tukate miti. Hapana, ndugu zetu! Mlingoti huongezwa urefu kwa siku moja. Mkarafuu hukaa miaka sita au zaidi ndipo uanze kuzaa. Tuinue milingoti, tuiache mikarafuu.