Safari ya siku moja Kilimanjaro: chunga afya ya familia

Kuutembelea Mlima Kilimanjaro si lazima kufika kileleni. Kwa siku moja familia inaweza kupanda kutoka lango la Marangu, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hadi kituo cha Mandara, mita 2,700, na kurudi kabla ya Magharibi. Kupanda tu huchukua saa tatu hivi, basi fikeni langoni asubuhi.

Kadiri mnavyopanda, mwili hupata oksijeni kidogo. Kuanzia mita 2,500 baadhi ya watu huumwa kichwa, huona kichefuchefu au kizunguzungu. Mwenye dalili hizo asiendelee kupanda. Zikizidi, ashushwe mara moja, wala asiachwe peke yake.

Mwenye maradhi ya moyo au mapafu, na mama mjamzito, amuone daktari kabla ya safari. Mgonjwa wa selimundu ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwani upungufu wa oksijeni na baridi huweza kumletea maumivu makali.

Bebeni sweta, koti la mvua na maji safi. Ya vijito msinywe bila kuyachemsha. Aliyevaa khofu akiwa na udhu anaruhusiwa kupaka maji juu yake, mkazi kwa mchana na usiku mmoja, msafiri kwa siku tatu. Hivyo miguu hubaki mikavu.

Kurudi njiani si aibu. Mwenyezi Mungu (s.w.) ametukataza kujitia katika maangamizi.