Funksheni Inayokumbuka Ilipoishia

Funksheni asinkroni ni ile inayoweza kusimama katikati ya kazi, ikaiachia seva nafasi ya kuhudumia wengine, kisha ikaendelea pale ilipoishia. Mkazi wa Nyamuswa, wilayani Bunda, Tanzania, akinunua kwa simu umeme wa LUKU, yaani unaolipiwa kabla ya kutumiwa, tokeni ya tarakimu 20 huja baadaye kwa ujumbe mfupi. Katikati ya hapo ombi lake husafiri kati ya mifumo ya mtandao wa simu na ya shirika la umeme, TANESCO. Programu ambayo ingemngoja mteja mmoja huku imeganda ingewachelewesha wote walio nyuma yake.

Njia ya zamani ni kolibeki: ombi hutumwa pamoja na funksheni nyingine itakayoitwa jibu likifika. Node.js, mazingira ya kuendeshea JavaScript kwenye seva yaliyotoka mwaka 2009, yalipata umaarufu kwa utaratibu huo. Lakini hatua zikifuatana, yaani kukata pesa, kuomba tokeni, kutuma ujumbe, kila kolibeki hujikuta ndani ya mwenzake, na kosa la ndani kabisa huwa gumu kulinasa. Maneno async na await, yaliyoingia katika lugha za programu za C# mwaka 2012 na JavaScript mwaka 2017, yaliwezesha hatua hizo kuandikwa moja chini ya nyingine.

Hata hivyo kolibeki haijaondoka; imehamia ndani. Katika C#, kompaila huigeuza funksheni kuwa mashine ndogo ya hali, yenye vigeu vyake na namba ya hatua iliyofikiwa. Ikikuta await na jibu halijawa tayari, huhifadhi vyote hivyo, husajili mahali pa kuamshiwa, kisha hutoka. Jibu likija, mashine huitwa upya, husoma namba yake na kurukia mstari unaofuata. Uzuri wa mbinu hii uko hapo: vigeu ambavyo kwa kawaida hupotea funksheni inapotoka hubaki hai.

Hubaki hai, lakini katika kumbukumbu ya seva tu. Seva ikizimika, hali yote hupotea, na kwa malipo hilo halivumiliki. Daraja, API ya malipo ya Safaricom nchini Kenya, ikipokea ombi la malipo hurudisha mara moja kitambulisho kiitwacho CheckoutRequestID. Matokeo hufuata baadaye kama kolibeki, yaani ujumbe unaotumwa kwenye anwani ya mtandao ya muuzaji, ukiwa na namba 0 kwa malipo yaliyofaulu au 1032 kwa mteja aliyeghairi. Kwa hiyo kitambulisho hicho kinapaswa kuandikwa kwenye hifadhidata pamoja na oda. Kolibeki isipofika, hali ya malipo huulizwa kwa kitambulisho hichohicho. Ikifika mara mbili, rekodi huzuia oda moja kuhudumiwa mara mbili.