Kamera Mbele ya Pazia: Picha za Majumba ya Sinema ya Uhindi Yanayotoweka

Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya wapigapicha ambao, badala ya kuwaandama nyota wa filamu za Kihindi, wamezielekeza kamera zao kwenye majumba, mahema na mitambo iliyowafikisha nyota hao kwa watazamaji.

Sababu za kutoweka kwa vitu hivi zinajulikana. Mwaka 1997 jumba la PVR lenye kumbi kadhaa chini ya paa moja lilifunguliwa jijini Delhi, na katika miaka iliyofuata projekta za dijitali zikazifukuza zile za ukanda wa milimita 35. Majumba makubwa ya ukumbi mmoja yakapungukiwa na wateja. Regal ya Delhi, iliyojengwa miaka ya 1930, ilifungwa Machi 2017. Mitambo mingi iliuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu.

Nandita Raman, ambaye jamaa za mama yake walimiliki jumba la sinema huko Varanasi, alipiga picha za majumba kama hayo kati ya 2006 na 2009 katika mfululizo uitwao Cinema Play House. Ni picha nyeusi na nyeupe, zisizo na watu. Utupu huo ni wa makusudi: kiti kilichochakaa kinamtaja aliyekikalia.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, chumba cha mitambo ndicho chenye mengi ya kusimulia. Katika projekta kongwe, vijiti viwili vya kaboni hugusanishwa kisha hutenganishwa kidogo ili umeme uruke baina yavyo na kutoa mwanga mkali. Kifaa chenye umbo la msalaba huuvuta ukanda kwa hatua, fremu 24 kwa sekunde, na kila fremu husimama kidogo mbele ya mwanga. Vijiti huteketea, hivyo fundi habanduki. Ni kazi ya mkono, na mkono huacha alama ambazo kamera huziona: grisi, mikwaruzo, masizi ukutani.

Amit Madheshiya alifuata njia nyingine. Katika sinema za mahema zinazozunguka na magulio ya kidini huko Maharashtra, alipiga nyuso za watazamaji gizani, zikiangazwa na mwanga unaorudi kutoka kwenye pazia. Kazi hiyo ilituzwa na World Press Photo mwaka 2011. Msomaji wa pwani yetu, alikotoka Juma Bhalo aliyevika maneno ya Kiswahili lahani za filamu za Kihindi, hatazihesabu nyuso hizo kuwa ngeni.

Picha mnato, lakini, haina sauti, na projekta ni kelele vilevile. Yamkini ndiyo sababu Madheshiya na Shirley Abraham waligeukia filamu. The Cinema Travellers, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2016, inamfuata pia fundi mzee aliyebuni projekta yake mwenyewe. Humo mtambo unasikika ukizunguka.