Mali Bila Daftari: Desturi za Wahuishaji wa Michezo ya Zamani ya Kompyuta

Waliopitia maabara za kompyuta za shule na intaneti kafe za Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa enzi za Windows XP wanaukumbuka mchezo wa gololi uliokuwa ukichezwa mwalimu akigeuka. Unashikilia kitufe kirefu cha kibodi, unaachia, gololi inaruka. Jina lake ni 3D Pinball: Space Cadet. Windows Vista ilipokuja, mchezo haukuwamo. Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, alieleza sababu miaka kadhaa baadaye. Walipojaribu kuuhamishia kwenye mfumo wa biti 64, gololi ilianza kupenya kila kitu kama mzuka na kudondoka hadi chini. Msimbo wake ulikuwa umeandikwa na kampuni nyingine miaka mingi nyuma, bila maelezo ya kumsaidia anayeusoma, na hawakuweza kujua kosa liko wapi. Wakauacha.

Mwaka 2021 mpenzi mmoja wa mchezo huo aliufumua kipande kwa kipande, akauandika upya msimbo, akautoa hadharani. Leo gololi inaruka tena kwenye Windows mpya, kwenye Linux na kwingineko. Mtu huyo ana ndugu wengi duniani, na makala haya yanahusu mila zao.

Watu hawa hawana kijiji. Wametawanyika mabara yote na wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Kazi yao ni moja: mchezo wa kompyuta wa mwaka 1990 uchezeke leo. Lakini ukikaa nao utaona wana kila kinachofanya watu waitwe jamii. Wana waasisi, wana lugha yao, wana miiko, wana ugomvi usiokwisha, na wana namna yao ya kumpokea mgeni.

Mchezo wa kompyuta haufi kama kitabu kilicholiwa na mchwa. Mafaili yake yanaweza kuwa mazima kabisa na bado usifunguke, kwa sababu mazingira uliyozaliwa nayo yametoweka. Michezo ya DOS iliandikwa ikidhani kompyuta nzima ni yake peke yake: inaongea na kadi ya sauti moja kwa moja, inabanana ndani ya kilobaiti 640 za kumbukumbu, na mingine inapima muda kwa kasi ya prosesa. Ukiuweka mchezo wa namna hiyo kwenye prosesa ya leo, adui anavuka skrini kabla hujagusa kitufe. Nayo Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16, na Windows 11 ya mwaka 2021 haina toleo jingine.

Waasisi walijibu kwa njia mbili. Mwaka 2001 Ludvig Strigeus na Vincent Hamm walianzisha ScummVM, programu mpya inayoyasoma mafaili ya michezo ya hadithi ya kampuni ya LucasArts na kuyaendesha yenyewe. Mwaka 2002 ikatoka DOSBox, inayoigiza kompyuta nzima ya zamani ndani ya kompyuta mpya.

Kufungua mchezo ndani ya DOSBox kuna utaratibu kama wa ada. Dirisha linafunguka, herufi Z inakusubiri. Unaandika mount c na jina la folda yako, unaingia c:, kisha unauita mchezo kwa jina. Ukikimbia mno, unabonyeza Ctrl na F11 kupunguza mwendo. Ukijikokota, Ctrl na F12. Mchezo ukiuliza habari za sauti, unajibu: Sound Blaster, anwani 220, IRQ 7, DMA 1. Wakongwe wanazitaja namba hizi bila kutazama popote, kama nahodha anavyozitaja pepo za kusi na kaskazi.

Mgeni kwa kawaida huja na shida. Ana sidii ya mwaka 1997, ameiweka, na Windows imemwambia kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yake. Mkongwe hamcheki. Anamuuliza: Windows gani? Mchezo toleo gani? Kadi ya picha ipi? Umekwishajaribu nini? Mara nyingi ugonjwa huwa mdogo kuliko ulivyoonekana. Mchezo wenyewe ni wa biti 32 na ungefunguka vizuri, ila kisakinishi chake ndicho cha biti 16. Dawa ni kunakili mafaili kwa mkono, au kutumia kisakinishi kipya ambacho mwenzao alikwisha kukitengeneza, na mgeni anacheza usiku huohuo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa jembe ni kalamu. Aliyetibiwa anatakiwa arudi aeleze dawa iliyomfaa, kwenye kompyuta ya aina gani, hatua kwa hatua. Anayerudi na kusema tu “nimeshaweza”, kisha akaenda zake, amevunja desturi kubwa kuliko zote, maana miaka kumi baadaye mwingine mwenye shida ileile atayafikia maneno hayo na kuyakuta matupu.

Mwiko wao mkuu ni kugawa mali ya mtu kwa kisingizio cha kuiokoa. Chukua Doom, mchezo wa kampuni ya id Software uliotoka Desemba 1993. Tarehe 23 Desemba 1997 John Carmack wa kampuni hiyo aliutoa hadharani msimbo wake. Tangu hapo Doom imehamishiwa kwenye vifaa visivyohesabika. Lakini ramani, picha na sauti za mchezo kamili hazikutolewa bure, na programu zinazouendesha huja bila hivyo. Unaleta mwenyewe kutoka kwenye nakala yako. Ndivyo ilivyo kwa ule mchezo wa gololi, na ndivyo ilivyo kwa michezo mingi ya ScummVM. Heshima hiyo imejibiwa kwa heshima: mwaka 2003 Revolution Software iliruhusu mchezo wake wa mwaka 1994, Beneath a Steel Sky, ugawiwe bure ili uchezwe kwa ScummVM.

Desturi nyingine humshangaza mgeni: wanatunza hata kasoro. Programu ya Chocolate Doom imekusudiwa kuendesha Doom kama ilivyokuwa katika DOS. Ukomo wa zamani uliouangusha mchezo pale mandhari ilipozidi uwezo wake umeachwa palepale kwa makusudi. Anayetaka Doom iliyorekebishwa ana programu nyingine tele. Nawaunga mkono. Atakayetengeneza ramani kwa kanuni za mwaka 1993 anahitaji kujua itaangukia wapi, na mtafiti wa kesho anahitaji kuona mipaka ambayo watu wa siku zile waliifanyia kazi.

Ugomvi wao usiokwisha unahusu kufuli. Michezo mingi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilifungwa kwa kinga ya SafeDisc, iliyokagua kama sidii ni halisi. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 iliikataa kinga hiyo kwa sababu za usalama. Basi mtu aliyenunua mchezo kwa fedha zake, sidii halisi mkononi, akafungiwa nje. Wengine wanasema ana haki ya kuvunja kufuli la mlango wake mwenyewe. Wengine wanahofu kwamba mlango huo utaingiza wezi. Mimi nasimama na mnunuzi. Yapo maduka kama GOG, lililoanzishwa Poland mwaka 2008, yanayouza michezo mikongwe ikiwa imekwishatengenezwa, mingi ikifungashwa pamoja na DOSBox. Lakini hayatoshi. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani.

Hapo ndipo narudi kwenye gololi. Microsoft ilikuwa na wahandisi, fedha na msimbo wenyewe, na bado mchezo uliwashinda, kwa sababu aliyeujua hakuacha maelezo ya kumfikia anayefuata. Mali bila daftari hupotea bila habari. Jamii hii inadumu kwa sababu kila mwanachama wake, mkongwe kwa mgeni, anajaza daftari.

Kama una sidii za zamani zimelala kabatini, zinakili wiki hii, kwa kuwa nazo huharibika. Andika jina la mchezo, mwaka wake na kompyuta iliyowahi kuuendesha. Na siku utakapofanikiwa kuufungua, usiseme tu umeweza. Eleza ulivyoweza.