Taa ya chumvi ikitokwa na maji, kagua nyumba yako

WAKAZI wa Pwani wanafahamu kwamba masika yanapoanza, chumvi ya mezani huloa na kugandamana chupani, hata wengine wakatia punje za mchele ili zifyonze maji. Tabia hiyo ya chumvi yafaa kukumbukwa na kila anayenunua taa ya chumvi kwa nia ya kusafisha hewa nyumbani.

Taa hizo huchongwa kutokana na mawe ya chumvi, mengi yakichimbwa Khewra, katika jimbo la Punjab nchini Pakistan, kisha balbu ndogo hutiwa ndani. Wauzaji hudai kwamba jiwe hilo likipashwa joto huvuta unyevu pamoja na vumbi, na hivyo kumpa nafuu mgonjwa wa pumu. Dai hilo halijathibitishwa kisayansi.

Kinachojulikana ni kwamba chumvi huanza kuyeyuka unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 75, kiwango ambacho mji wa Mombasa hukipita mara kwa mara nyakati za usiku na asubuhi. Hata hivyo, maji inayoyavuta hayaondoki chumbani. Taa inapowashwa, joto la balbu huyarudisha hewani.

Kwa hivyo, taa inayotiririka maji si ishara kwamba inafanya kazi vyema. Ni onyo kwamba chumba kina unyevu kupita kiasi. Unyevu ukizidi asilimia 60 kwa muda mrefu, kuvu huota ukutani, na wadudu wadogo mno wanaoishi magodoroni huongezeka. Hao wote huweza kuchochea pumu.

Aidha, maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi na hula vyuma. Taa iliyoloa ichomolewe kwanza, ipanguswe kwa kitambaa kikavu na iachwe ikauke kabisa kabla ya kuwashwa tena. Iwekwe juu ya sahani, mbali na bafu na jikoni, na ifunikwe kwa mfuko wa plastiki isipotumika. Ikumbukwe kwamba balbu zisizotoa joto haziwezi kulikausha jiwe.

Tiba yenyewe ni kupunguza unyevu wa nyumba. Nunua haigromita, yaani kipimio cha unyevu, na ujitahidi kipimo kiwe kati ya asilimia 30 na 50, au angalau kisizidi 60. Ziba paa na mabomba yanayovuja, funika sufuria unapopika, na usianike nguo chumbani. Fungua madirisha mchana jua linapowaka, kwani wakati huo unyevu wa nje huwa umepungua. Mwenye kiyoyozi atafaidika pia, kwa kuwa hukausha hewa kinapoipoza.

Zaidi ya yote, mgonjwa wa pumu asiache dawa yake ya kuvuta kwa kutegemea taa. Taa hiyo ni pambo la kupendeza, lakini si daktari.